Miti ya Machela

Upinde wa kwanza ulivutika kwa kilo ishirini na tisa. Hilari aliiandika namba hiyo ukutani kwa penseli, akaushusha upinde kutoka kwenye ubao wa kupimia, akaubana kwenye jiliwa na kuupunguza upande wa tumbo, ule unaomtazama mpigaji, kwa tupa kwa muda wa saa nzima. Wageni wa kambi ya Sanje walihitaji pinde laini, za kilo kumi na tano, labda kumi na sita kwa mwanamume mwenye mabega. Unga wa mti ulipofunika viatu vyake aliurudisha upinde ubaoni, akavuta kamba kupitia kwenye kapi na kusoma mizani. Ishirini na tisa.

Mizani ilikuwa ya chuma, ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa samaki. Alitundika mfuko wa mchele wa kilo kumi, ikasoma kumi. Akatundika ndoo ya maji ya lita ishirini, ikasoma ishirini na moja, kwa sababu ya uzito wa ndoo yenyewe. Mizani haikuwa na kosa. Akaupunguza upinde tena mpaka ukawa mwembamba wa kuvutwa na mtoto, au wa kuvunjika, kisha akauvuta akijua utavunjika. Haukuvunjika. Ulijikunja taratibu, ukatoa mlio mdogo kama wa kamba inayosuguana na mti, na mshale wa mizani ukasimama palepale.

Alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa misitu, na aliamini kwamba jambo lisiloeleweka ni jambo ambalo halijapimwa vizuri. Akaandika ukutani kuwa mti huu una tabia yake, akaanza upinde wa pili.

Karakana ilikuwa ni kibanda cha mabati uani kwake, Viwanja Sitini, mjini Ifakara. Aliijenga mwezi wa Novemba, baada ya misa ya marehemu wote. Mkewe, Agnella, alikuwa amefariki zaidi ya miaka miwili nyuma, na binti yao Dativa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamia nyumbani ili baba yake asile peke yake. Dativa ndiye aliyemwambia atafute kazi ya mikono. Alisema mtu akikaa kitini namna ile, mwishowe ataota kuvu kama ubao wa bafuni. Ikatokea kwamba Beatus, aliyewahi kufanya kazi chini yake, sasa alikuwa na kambi ya wageni Sanje, chini ya milima, na alitaka pinde nane za kweli ambazo wageni wangepiga nazo magunia ya pumba. Hilari alikuwa ametengeneza pinde alipokuwa kijana, kwa kufundishwa na baba yake. Akakubali, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Akatengeneza benchi la mninga. Akanunua jiliwa kwa fundi wa magari, akanoa tezo na randa, akasimamisha ubao wa kupimia wenye pengo juu la kukalisha upinde na vitundu vya kuhesabia mkunjo. Kilichokosekana ni mti. Mti wa upinde lazima ukauke kivulini kwa mwaka mmoja au miwili. Mbichi hukunjika na kubaki umekunjika. Mkole ndio unaofaa kuliko yote bondeni, na mkole mkavu hauuzwi sokoni. Lakini juu ya kenchi za nyumba yake kulikuwa na miti miwili ya mkole, mirefu, imenyooka, haina fundo hata moja. Ilikuwa miti ya machela.

Kwenye miti hiyo ndipo Agnella alipobebwa kutoka Mofu, kijijini kwao. Alikuwa ameenda kumuuguza mama yake, akaugua yeye. Ilikuwa Aprili, barabara iko chini ya maji, hakuna bodaboda wala trekta iliyoweza kupita. Kaka yake, Sylvester, alikata mikole miwili, akaipitisha kwenye viroba vya mpunga vilivyotobolewa pembe, akavifunga kwa kamba, na wanaume wanne wakamweka begani: Sylvester, majirani wawili, na Hilari mwenyewe. Walifika barabara kuu jioni, wakapata gari, wakafika hospitali. Siku ya tatu Agnella akafa.

Huko kwao miti ya machela haihifadhiwi. Mgonjwa akishafika, apone au asipone, miti hukatwa katikati kwa panga siku ileile na kuachwa hapo. Sylvester alimkumbusha shemeji yake hilo wakiwa bado kwenye korido ya wodi. Hilari alisema ataikata mwenyewe. Baada ya mazishi alishika panga, akaona mahali kamba ilipokuwa imekwaruza ganda kwa uzito wa Agnella, akaweka panga chini. Kisha, kwa jicho la kazi yake, akaona pia kwamba ilikuwa mikole mizuri sana. Akaipandisha kwenye kenchi na hakumwambia mtu.

Sasa aliipasua. Kila mti ulitoa vipande vinne vya urefu wa mtu. Nane kamili, kana kwamba Beatus alikuwa ameihesabu.

Upinde wa pili ulivutika kwa kilo ishirini na tisa. Wa tatu pia. Kuanzia wa nne hakuandika tena ukutani. Aliweka alama ya mstari tu. Alifanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapoingia kwenye mabati na kumfukuza, akila alichowekewa, akijibu alichoulizwa. Dativa aliporudi kutoka shuleni alimkuta amekaa juu ya maganda ya mti, mikono magotini, akiutazama ubao wa kupimia.

Sauti ilianza wiki ya upinde wa sita. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mtaa mzima umelala kwa joto na hata kuku wamejificha. Juu ya kenchi, mahali palipokuwa na miti, kulisikika mlio wa kamba ikisuguana na mti: mmoja, kimya kidogo, mwingine, kimya kidogo, kwa mwendo wa watu wanaotembea polepole wakiwa na kitu kizito. Ulianzia upande wa jikoni ukaenda mpaka juu ya chumba chake. Hapo ukasimama.

Dativa alikuwa nyumbani siku hiyo. Alitoka na daftari za wanafunzi mkononi, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Baba, nani anapita na mzigo?"

Hilari alimwambia ni mabati yanatanuka kwa joto. Lilikuwa jibu sahihi kwa siku yoyote nyingine. Dativa alitazama juu kwa muda, kisha akasema mabati yao yamejifunza kutembea, akarudi ndani. Hakucheka.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya matope ya mtoni na matete yaliyooza, na ndani yake harufu nyingine ndogo, ya dawa ya kuchua yenye kafuri. Ilikuwa kwenye shuka zake, kwenye unga wa msasa, kwenye wali. Alifua shuka mara mbili. Aliosha benchi kwa maji ya moto.

Siku alipomaliza upinde wa nane, alizipima zote upya kwa mpangilio, kutoka wa kwanza. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na tano. Kumi na tano na nusu. Zote nane zilikuwa zimekuwa laini kama alivyoagizwa, na alisimama mbele ya mizani akisikia raha ya fundi, ya dakika moja hivi, kabla ya kuinama kuokota tupa iliyoanguka na kushindwa kunyooka.

Kitu kilikuwa kimekaa kwenye bega lake la kushoto. Hakikuwa maumivu, ingawa maumivu yalikuja baadaye. Kilikuwa uzito wenye umbo, mrefu, uliolala kutoka bega mpaka nyuma yake hewani, kama mtu anayebebwa na wengine watatu ambao hawaonekani, na alipopiga hatua kwenda mlangoni ule uzito ulipanda na kushuka pamoja na hatua yake, na ule mlio wa kamba aliousikia kwenye kenchi aliusikia sasa karibu kabisa na sikio, na nyuma ya mlio, kwa sauti dhaifu ya mtu mwenye homa, mkewe akasema:

"Baba Dativa, umechoka?"

Alisimama kwenye kizingiti mpaka kivuli cha mlango kilipohama. Kisha akajibu, kwa kunong'ona, kwamba hajachoka.

Hakumwambia Dativa. Kwa wiki tatu alimbeba. Aliamka naye, akanawa naye, akaenda naye kanisani na kukaa kiti cha nyuma kwa sababu hakuweza tena kupiga magoti na kuinuka. Watu walipomwona ameinama walishusha sauti na kusema huzuni imemrudia. Wengine walimwambia Dativa kwamba mwaka wa tatu ndio mbaya kuliko wa kwanza. Hilari hakuwapinga. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kufunga kamba za viatu kulimtaka apumzike katikati. Lakini sauti ile ilikuwa ya Agnella, haikuwa ya mtu mwingine, na kila jioni alikaa karakanani bila kazi akiisubiri. Ilisema, "Jua limekuwa kali." Ilisema, "Nifunikeni miguu." Mara moja ilimfanya acheke peke yake iliposema, "Msinigombanie, mimi si gunia." Aliiandika kila kauli kwenye daftari pamoja na saa.

Dativa alimpeleka zahanati. Nesi alimpandisha kwenye mizani ya sakafuni. Hilari alikuwa mtu mwembamba wa kilo sitini na tatu maisha yake yote, na kwa jinsi mashavu yalivyozama hakuna ambaye angemkadiria zaidi ya hamsini na tano. Mizani ilionyesha themanini na nne. Nesi akamshusha, akapanda mwenyewe, akaona uzito wake ule anaoujua. Akampandisha tena. Themanini na nne. Akasema kifaa kinasumbua, akaandika hamsini na tano kwa kukisia.

Hilari alifanya hesabu njiani, na alipopata ishirini na tisa alisimama, na Dativa akalazimika kumshika mkono.

Siku iliyofuata aliona kwamba Dativa, akiwa anasahihisha daftari, anajikanda bega la kushoto. Alimuuliza. Dativa alisema ni mkoba wa shule. Alivuta ukosi wa blauzi kumwonyesha kwamba si kitu, na Hilari akaona kwenye ngozi ya mwanawe mstari mwekundu, mpana wa vidole vitatu, mahali ambapo mti wa machela hukaa. Na karibu na sikio lake mwenyewe, wakati ule ule, ile sauti aliyoipenda ikasema jambo ambalo kwa siku tatu ilikuwa ikilisema mara nyingi kuliko mengine yote:

"Dativa amepigiwa simu?"

*

Sylvester alikuja Jumamosi na kambale wa kukausha. Alikuwa mtu wa utani, na aliingia akimsema shemeji yake kwamba amekuwa mzee ghafla kama nguo ya mtumba, kisha akaziona zile pinde nane zimetundikwa ukutani. Aliushika mmoja. Alipitisha kidole kwenye mgongo wake, mahali ambapo Hilari alikuwa ameacha sehemu nyembamba ya ganda kwa uzuri. Utani ukaisha.

"Shemeji. Ile miti uliikata?"

Sylvester aliuweka upinde chini polepole, akafuta mkono kwenye suruali, akatoka. Alirudi baada ya saa moja akiwa na Bibi Tekla.

Bibi Tekla alikuwa mzaliwa wa Mofu aliyehamia mjini kwa mtoto wake, mwanamke mfupi, mwanachama wa chama cha akina mama kanisani, anayefuga bata na kutibu watu waliopandwa na majini. Vitu hivyo viwili vya mwisho alivifanya kwa namna moja, bila kubembeleza. Alimzunguka Hilari mara moja. Alinusa hewa karibu na bega lake. Kisha akaomba kigoda.

Alisema majini wa Pwani ni wastaarabu, wanataka udi na marashi na kitambaa chekundu. Wa huku bondeni ni washamba kama watu wake, wanataka bega tu. Aliuliza siku ile walimshusha mgonjwa wapi.

Hilari alisimulia akitazama sakafu. Hapa ndipo mambo yote yalipokuwa yamelala kwa miaka miwili na zaidi, na Sylvester aliyafahamu lakini hakuwahi kuyasema. Walikuwa wamevuka Kivuko cha Mitete, maji kiunoni. Ng'ambo, upande wa Ifakara, kuna sehemu ya mchanga mweupe pasipoota kitu, na wabebaji wa Mofu hupita hapo bila kusimama, hata wawe wamechoka vipi. Hilari ndiye aliyesema tumshushe. Bega lake la ofisini lilikuwa limechubuka mpaka damu. Sylvester alisema si hapa. Hilari alisema ni hapa, kwa sauti ya afisa, akaanza kuinama, na machela haiwezi kubaki juu kwa watu watatu. Agnella akiwa chini mchangani alimuuliza kama amechoka. Alisema kidogo. Walipomwinua, mzigo ulikuwa umeongezeka, wote walijua, nao walinyamaza; Hilari alijiambia kwamba viroba vimelowa.

"Vilikuwa vimelowa," Bibi Tekla alisema. "Na kuna mtu alipanda."

Aliuliza walipofika hospitali nani alisema tumefika. Wanaume wawili walitazamana. Anayebebwa, Bibi Tekla alieleza, lazima aambiwe amefika, hata kama ni maiti, kisha miti inakatwa ili safari ife. Agnella aliuliza pale mlangoni, Sylvester alikumbuka sasa, aliuliza, "Tumefika?" mara mbili, lakini manesi walikuwa wanamchukua na wao walikuwa wameinama wakitafuta pumzi. Hakuna aliyejibu.

"Basi Agnella alijifikia mwenyewe, maskini, alikuwa mtu wa kujitegemea. Huyu mwingine bado yuko njiani. Kwanza alibebwa na miti kenchini. Umeipasua miti, sasa anabebwa na wewe. Ukianguka atahamia kwa damu yako iliyo karibu, na ninavyomwona binti pale mlangoni, jini ameshaanza kupima urefu wake."

Dativa, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliondoa mkono begani.

Hilari alisema, kwa utulivu wa mtu anayepinga taarifa ya ofisi, kwamba sauti anaijua. Aliishi nayo miaka thelathini na minne. Alileta daftari. Bibi Tekla hakulitazama. Alimwambia aulize kitu ambacho Agnella alikijua na ambacho hakikusemwa siku ile njiani.

Alichagua kitu kidogo. Wakiwa wawili tu, mlango umefungwa, Agnella hakumwita Baba Dativa. Alimwita Hila. Aligeuza uso kuelekea bega lake, akamwomba amwite jina la ndani.

Nje bata wa jirani walikuwa wakigombea maji. Harufu ya matope ilipanda.

"Jua limekuwa kali," sauti ikasema.

Alimwomba tena.

"Nifunikeni miguu. Baba Dativa, umechoka?"

Hilari alifungua daftari na kusoma kauli zote tangu mwanzo. Zilikuwa tisa. Kila moja aliisikia akiwa chini ya mti ule, kati ya mchanga mweupe na mlango wa hospitali, na hakukuwa na ya kumi. Kitu kile kilikuwa kimelala kando ya mkewe saa tano nzima, kikimsikiliza. Kilikuwa kimejifunza yote aliyoyasema, na nje ya hayo hakikujua chochote. Alielewa pia jambo la pili, ambalo hakulisema: kwamba zile tisa ndizo zilikuwa karibu maneno yake yote ya mwisho, na kwamba duniani hapakuwa tena na mahali pengine pa kuzisikia kwa sauti yake.

Alimtazama Dativa. Kisha akamuuliza Bibi Tekla wanapaswa kuondoka saa ngapi.

*

Waliondoka asubuhi, Hilari na Sylvester, kwa bodaboda mpaka lami na changarawe zilipoishia, kisha kwa miguu. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza na mashamba ya mpunga yalikuwa yamefunikwa pande zote. Sylvester alibeba pinde nane zimefungwa kwa kamba, na panga. Hilari alibeba alichobeba. Alipumzika kila baada ya hatua mia, akiwa amesimama, kwa sababu Bibi Tekla alimkataza kukaa. Alikuwa amempa maagizo matatu: amshushe mwenyewe, amwambie amefika, na akishaondoka asigeuke nyuma.

Saa sita walifika mchangani. Sylvester alibaki juu ya ukingo.

Hilari alishuka peke yake. Alizikata pinde mmoja mmoja, katikati, na kila mmoja ulipokatika ulitoa mlio wa mti mbichi, na vipande vilitoa unyevu ambao mti mkavu hauna. Alivitupa majini. Kisha akapiga goti moja, jambo ambalo hakuweza kulifanya kwa mwezi mzima, na akainamisha bega kama anavyoshushwa mgonjwa, miguu kwanza, kichwa baadaye.

"Tumefika?" sauti ikauliza.

Alikaa hivyo muda mrefu, mto ukipita, akiwa ameshika hewa kwa mikono miwili kwa uangalifu ule ule ambao angeshika kichwa cha mtu.

"Tumefika," alisema. "Shuka."

Uzito ulitoka. Mchanga mbele yake ulibonyea, mahali parefu, pa mtu mzima. Aliinuka akasikia mwili wake mwepesi, akageuka kuelekea ukingo na kuanza kupanda, na nyuma yake ile sauti ikaanza kuzisema zote tisa, kwa mpangilio wa siku ile, bila haraka, jua, na miguu, na gunia, na maji yamefika wapi, na kila moja ilikuwa mbali kidogo kuliko iliyotangulia, na alipunguza mwendo bila kutaka ili asikie vizuri, na aliona Sylvester pale juu anamwita kwa mkono, njoo, njoo, na akaenda, na ya tisa ilipokwisha aliendelea kutega sikio kwenye ukimya kama mtu aliyesimama mlangoni baada ya mgeni kuondoka.

Alikuwa amebakiza hatua kumi aliposikia maji yakipasuliwa na miguu mingi. Kisha mlio wa kamba ikisuguana na mti.

Hakugeuka. Uso wa Sylvester, juu yake, ulikuwa umebadilika, lakini haukuwa uso wa mtu aliyeona jini.

"Shikamooni wazee," sauti ya kijana ilisema huko chini, ikihema. "Tunatoka Mofu. Jamani, hapa pakavu. Tumshushe kidogo, mabega yamekufa."

Bibi Tekla alikuwa amesema asigeuke, kwa lolote litakalotokea. Hakuwa ameeleza zaidi. Hilari alisikia wale vijana wakianza kuhesabu ili waishushe machela pamoja, moja, mbili.

Aligeuka.

Walikuwa wanne, wamelowa mpaka kifuani, na juu yao, kwenye shuka la maua, mama wa makamo mwenye midomo iliyokauka. Hilari alikimbia kushuka. Aliwaambia wasimshushe. Mmoja aliuliza kwa nini, kwa hasira ya mtu aliyechoka, na Hilari, ambaye maisha yake yote alikuwa na maelezo, hakuwa nayo. Alimwondoa yule wa mbele kushoto na kuingiza bega lake, lile lile, chini ya mti. Sylvester alikuja nyuma yake bila kusema neno akachukua mbele kulia. Miguu ya wale wengine ilikuwa imeshazama kwenye mchanga mweupe.

Wakainuka, wakapanda ukingo, wakashika njia. Hilari alisikiliza bega lake, akajaribu kukadiria, lakini alikuwa amebeba kwa muda mrefu mno na hakujua tena kipimo cha mtu mmoja. Akawauliza wale wawili wa nyuma, bila kugeuza kichwa, kama mzigo ni mzito.

"Wa kawaida tu, mzee," alisema wa kulia.

Wa kushoto hakujibu.